E-Sir na Kiswahili cha Vijana: Safari Iliyokatikia Kati ya Nakuru na Nairobi

Utangulizi

Siku ya Jumapili, tarehe 16 Machi 2003, gari lililokuwa likirejea Nairobi kutoka Nakuru lilipata ajali. Ndani yake walikuwemo wasanii wawili waliokuwa wametoka kutumbuiza mjini Nakuru. Mmoja wao, David Mathenge, ambaye wengi humfahamu kwa jina la Nameless, alinusurika. Mwenzake, Issah Mmari, aliyejulikana nchini kote kwa jina la E-Sir, aliaga dunia. Alikuwa na umri wa miaka 21, na ilibaki miezi miwili tu atimize 22.

Sisi tunaosoma Kiswahili katika eneo hili la Bonde la Ufa tunaifahamu barabara hiyo vizuri. Ni njia ya kilomita zipatazo 160 inayopita Gilgil na Naivasha, kisha ikapanda ukingo wa bonde kuelekea Limuru na Nairobi. Ndiyo tunayopita tukienda likizo na tukirudi masomoni. Labda ndiyo sababu jina la E-Sir halikupata kusahaulika huku. Kwa Nakuru, yeye si msanii wa Nairobi aliyesikika redioni tu. Ni mgeni aliyetumbuiza hapa na asifike kwao.

Hata hivyo, huenda msomaji akauliza: mwimbaji wa mtindo wa kufokafoka ana nafasi gani katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili? Swali hilo ni la haki, na makala haya yanadhamiria kulijibu. Kwa muda mrefu walimu na wanafunzi wa Kiswahili tumewatazama wasanii wa kizazi cha E-Sir kama waharibifu wa lugha. Hoja yetu ni kwamba E-Sir alikuwa tunda la sera ileile ya elimu iliyotuleta sisi katika idara za Kiswahili, na kwamba tukimchunguza kwa vipimo tunavyotumia darasani tutamkuta ndani ya mapokeo ya fasihi ya Kiswahili, hata pale anapoonekana kuyavunja. Tutaeleza kwanza mazingira yaliyomlea, kisha safari yake ya kisanaa, halafu lugha na utunzi wake, na mwisho tutarejea Nakuru.

Kizazi cha Kiswahili cha lazima

Issah Mmari alizaliwa tarehe 20 Mei 1981. Mwaka huohuo, tume iliyoongozwa na Mackay ilikuwa ikichunguza haja ya kuanzisha chuo kikuu cha pili nchini Kenya. Pamoja na kupendekeza chuo hicho, ambacho baadaye kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Moi, tume ilipendekeza pia kubadilishwa kwa mfumo mzima wa elimu. Mfumo mpya wa 8-4-4 ulianza kutekelezwa mwaka 1985. Chini ya mfumo huo Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari.

Uzito wa badiliko hilo ni rahisi kuusahau leo. Kabla ya hapo, mwanafunzi wa Kenya aliweza kumaliza masomo yake bila kuandika insha moja ya Kiswahili katika mtihani wa kitaifa. Baada ya hapo, kila mtoto alipaswa kujua ngeli, methali, vitendawili na tarbia, apende asipende. Watoto waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndio waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kulelewa na utaratibu huo tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne. E-Sir ni wa rika hilo.

Nje ya darasa, rika hilohilo lilikuwa na lugha nyingine. Sheng, ambayo wataalamu wengi wanaihusisha na mitaa ya Mashariki mwa Nairobi tangu miaka ya 1970, ilikuwa imeshavuka mipaka ya mitaa hiyo na kuenea mijini kote, Nakuru ikiwemo. Basi kijana wa mjini alikuwa na Kiswahili cha aina mbili kichwani mwake: cha mwalimu na cha wenzake. Kosa letu limekuwa kudhani kwamba hizo ni akili mbili tofauti. Mtoto aliyekariri methali asubuhi ndiye aliyekuwa akitaniana na wenzake kwa Sheng jioni, na aliyachukua yale ya asubuhi akaenda nayo.

Jambo la tatu lilikuwa redio. Kwa miongo mingi shirika la utangazaji la serikali ndilo lililoamua Wakenya wasikie nini. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 mawimbi yalifunguliwa kwa watu binafsi. Capital FM ilianza mwaka 1996, na vituo vingine vikafuata. Mwanzoni vituo hivyo vilipiga zaidi nyimbo za Marekani na Ulaya. Hata hivyo vilihitaji wasikilizaji vijana, na vijana walianza kutaka kujisikia wenyewe. Kundi la Kalamashaka kutoka Dandora lilikuwa limeonyesha mwaka 1997, kwa wimbo wake "Tafsiri Hii", kwamba mtindo wa kufokafoka unaweza kutungwa kwa Kiswahili cha mitaani na ukapendwa na taifa zima. Mlango ulikuwa wazi.

Safari fupi ya E-Sir

E-Sir alikulia katika mtaa wa South C, Nairobi. Jina lake la kisanaa ni mchezo wa sauti juu ya jina lake halisi: anayelitamka kwa haraka husikia "Issah". Hata kabla hatujafika kwenye nyimbo, tunakutana na mtu anayechezea maneno.

Alirekodi nyimbo zake katika studio ya Ogopa Deejays, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa mojawapo ya studio zilizoongoza nchini kwa muziki wa vijana. Mtindo wake uliitwa kapuka na wale walioubeza, na boomba na wale walioupenda. Ulikuwa muziki wa kuchezwa: mapigo mazito yanayojirudia, kibwagizo kifupi kinachoshikika upesi, na baina ya vibwagizo, beti ndefu za kufoka. Wakosoaji walisema kwamba mapigo hayo yalifanana mno na kwamba maneno yake hayakuwa na uzito. Lawama hiyo haikukosa ukweli wote, kwani nyimbo nyingi za wakati huo zilisahaulika kabla ya mwaka kwisha. Za E-Sir hazikusahaulika.

Katika muda usiozidi miaka michache alitoa au kushiriki nyimbo zilizompa umaarufu mkubwa: "Leo ni Leo", "Moss Moss" aliyoimba na Brenda, "Hamnitishi" aliyoimba na Talia pamoja na Big Pin, na "Boomba Train" aliyoimba na Nameless. Albamu yake pekee, Nimefika, ni ya mwaka 2003, mwaka uleule wa kifo chake. Kwa hiyo anayetaka kuichunguza kazi yake yote hana shehena kubwa ya kupekua. Ana albamu moja na nyimbo za ushirikiano. Ni kidogo mno kwa kipimo cha mtunzi mzee. Kwa kijana wa miaka 21 ni mwanzo wenye kishindo.

Yafaa kukumbuka hali ya nchi wakati huo. Tarehe 27 Desemba 2002 Wakenya walipiga kura iliyoiondoa KANU madarakani baada ya takriban miaka arobaini. Wimbo wa vijana, "Unbwogable" wa Gidi Gidi Maji Maji, uliojengwa juu ya neno la Kiluo lililovishwa viambishi vya Kiingereza, ulikuwa umegeuzwa kuwa wimbo wa kampeni. Muziki wa vijana ulikuwa umepata heshima usiyokuwa nayo. E-Sir alifariki miezi isiyotimia mitatu baada ya uchaguzi huo, nyota yake ikiwa bado inapanda.

Lugha ya E-Sir: majina ya nyimbo kama ushahidi

Mtafiti anayeanza huweza kujifunza mengi kwa kutazama majina ya nyimbo tu. Tuyachukue machache.

"Hamnitishi" ni neno moja, lakini ni sentensi kamili. Lina kiambishi cha ukanushi ha-, kiambishi cha nafsi ya pili wingi -m-, kiambishi cha mtendwa -ni-, mzizi wa kitenzi -tish-, na kiambishi tamati cha ukanushi -i. Mtenda, mtendwa, kitendo na kukana kwake vyote vimo ndani ya silabi tano. Hakuna hata chembe ya Sheng hapo. Ni mofolojia ya Kiswahili ikifanya kazi yake kwa ukamilifu, tena mahali ambapo ufupi unahitajika kuliko kitu chochote: katika jina la wimbo na katika kibwagizo. Walimu wetu hutufundisha kwamba Kiswahili ni lugha ambishi bainishi. Ukitaka mfano ambao mwanafunzi hatausahau, huu hapa.

"Nimefika" nalo lafaa kuangaliwa kwa makini. Kiambishi -me- hakionyeshi wakati uliopita tu, bali hali timilifu: kitendo kimekamilika na matokeo yake yapo hadi sasa. Anayesema "nilifika" anasimulia jambo la zamani, huenda alishaondoka. Anayesema "nimefika" yupo mbele yako. Kwa kijana anayetoa albamu ya kwanza, hilo ndilo tamko linalofaa: nipo, nihesabuni. Baada ya kifo chake, sarufi ilitulazimisha sisi tuliobaki kusema "alifika". Lakini kila albamu inapochezwa, -me- inarudi mahali pake.

"Leo ni Leo" ni nusu ya methali. Kila Mswahili anajua nusu ya pili: asemaye kesho ni mwongo. Mtunzi ameikatisha methali na kumwachia msikilizaji aimalizie mwenyewe. Huku ndiko kudokeza, na watunzi wa Kiswahili wamekuwa wakidokeza methali tangu jadi. Tofauti ni kwamba hapa methali iliyotumiwa na wazee kumhimiza mtu afanye kazi asiahirishe imehamishiwa kwenye usiku wa starehe. Wengine wataona huko ni kuishusha hadhi. Sisi tunaona kwamba methali isiyohamishika imeshakufa.

"Moss Moss" inatupeleka upande mwingine. Neno mos ni la Kiluo, lenye maana ya taratibu au polepole, na limekuwa likitumiwa katika Sheng na vijana wasiojua neno jingine la Kiluo. Tazama, hata hivyo, umbo lake: limeradidiwa, kama vile polepole, harakaharaka na taratibu-taratibu zinavyoradidiwa katika Kiswahili. Kijana wa Nakuru anapolitamka halioni kuwa geni, kwa sababu limeingia katika nyumba ambayo tayari ilikuwa na chumba chake.

"Boomba Train", mwisho, inaonyesha nguvu ya Kiingereza. Si msamiati tu uliokopwa, bali hata mpangilio: kivumishi kimetangulia nomino, kinyume cha kanuni ya Kiswahili. Hatuna haja ya kumtetea E-Sir kwa kudai kwamba kila alichokitunga kilikuwa Kiswahili safi. Hakikuwa. Tunachosema ni kwamba katika majina matano tumekutana na mofolojia kamili ya Kiswahili, hali timilifu, methali iliyodokezwa, mkopo kutoka lugha ya Kinailoti na mpangilio wa Kiingereza. Hiyo ndiyo picha halisi ya lugha ya kijana wa mjini Kenya, na haifai kufutwa kwa neno moja "uharibifu".

Je, Sheng iliua Kiswahili?

Kwa bahati, mwaka aliofariki E-Sir ndio mwaka ambao Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya Sheng ya Ireri Mbaabu na Kipande Nzuga. Kwamba taasisi yenye jukumu la kukuza Kiswahili iliona vyema kuichapisha kamusi hiyo ni dalili kwamba wataalamu walikuwa wameanza kuichukulia Sheng kama jambo la kuchunguzwa badala ya kulaaniwa tu.

Tuchukue tungo ya kawaida ya mitaani: "Wasee wamedishi." Wasee ni wingi wa msee, neno lililotokana na mzee ambalo maana yake imegeuka kuwa kijana au mwenzetu. Mzizi -dishi umetoka katika Kiingereza. Lakini kiambishi cha ngeli wa- kipo, upatanisho wa kisarufi upo, na hali timilifu -me- ipo. Ukiondoa viungo hivyo vya Kiswahili, tungo haisimami. Msamiati umebadilika, mifupa ni ileile.

Hata hivyo tuwe waadilifu. Walimu wa shule za sekondari hawakulalamika bure. Kiswahili cha mitaani hulegeza upatanisho wa ngeli, hata tukasikia "kitabu yangu" na "gari hizo zao zinakaa poa". Mwanafunzi anayeliingiza hilo katika insha ya mtihani hupoteza alama, na mwanafunzi asiyejua kutenganisha mitindo ya lugha amepungukiwa na elimu. Lakini dawa yake ni kumfundisha rejista, yaani lugha ipi inafaa wapi. E-Sir alikuwa miongoni mwa wasanii waliosifiwa kwa wepesi wao wa kucheza baina ya Kiswahili na Sheng. Anayejua kuhama kutoka lugha moja hadi nyingine bila kujikwaa anazijua zote mbili.

Utunzi: vina, mapigo na majigambo

Tumefundishwa kwamba shairi la tarbia lina mishororo minne katika ubeti, vina vya kati na vya mwisho, na kwa kawaida mizani 16 kwa mshororo, nane kila kipande. Wimbo wa kufoka haufuati hesabu hiyo. Je, hauna arudhi? Unayo, ila kipimo chake ni mapigo. Mtunzi wa shairi huhesabu silabi. Mfokaji huhesabu midundo, na ndani ya mdundo mmoja anaweza kutia silabi mbili au nne, mradi silabi yenye uzito iangukie pigo. Katika Kiswahili mkazo huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, hali ambayo humpa mfokaji mtihani: lazima apange maneno ili mkazo wa lugha na pigo la ngoma vikutane. Akishindwa, neno hupindwa na masikio hukataa. Sifa aliyopewa E-Sir na wapenzi wake, kwamba maneno yake "yalitiririka", kwa lugha ya kitaalamu ndiyo maana yake hiyo.

Kuhusu vina, Kiswahili ni lugha ya silabi wazi, na irabu zake ni tano tu. Kupata maneno mawili yanayoishia na -a si kazi. Ndiyo maana wataalamu wa arudhi walisisitiza kwamba kina ni silabi nzima, konsonanti pamoja na irabu yake. Mfokaji hodari huenda mbali zaidi. Hutafuta mwafaka wa silabi mbili au tatu, na hutumia vinyambuo vya vitenzi, -ika, -isha, -iana na kadhalika, kama ghala la vina lisilokwisha. Hapa tena sarufi tunayoisoma darasani ndiyo malighafi ya msanii.

Maudhui nayo yana ukoo. Nyimbo kama "Hamnitishi" na "Nimefika" ni za kujisifu: mtunzi anajitaja, anawabeza mahasimu, anatangaza ubingwa wake. Wakosoaji waliliona hilo kuwa ni kuiga Marekani. Kuiga kulikuwepo, hasa katika mavazi na miondoko. Lakini mwanafunzi wa fasihi simulizi anaufahamu utanzu wa majigambo, na anajua kwamba tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, shujaa wa Pate, zimejaa kujitapa. Anajua pia malumbano ya Muyaka bin Haji wa Mombasa katika karne ya 19. Malenga aliyewaambia wapinzani wake kwamba hawamwezi hakuhitaji kujifunza hilo kutoka ng'ambo.

Wala si mara ya kwanza kwa uwanja wetu kuuliza nani ni mshairi na nani siye. Sheikh Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954, alisisitiza kwamba shairi ni utungo wa kuimbwa. Miaka ishirini baadaye, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, waliokataa mashairi yasiyo na vina walikuwa wengi, na mjadala baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko ukaendelea kwa miaka. Leo Kezilahabi anafundishwa pamoja na Abdilatif Abdalla, na hakuna anayeona ajabu. Yastahili kukumbukwa kwamba kwa kipimo cha Amri Abedi, yaani utungo wenye vina na wenye kuimbika, E-Sir yu karibu na mapokeo kuliko washairi wengi wa mtindo huru tunaowasoma kimyakimya maktabani.

Nakuru na hadhira ya E-Sir

Kwa nini msanii wa Nairobi alikuwa Nakuru mwisho wa juma ule wa Machi 2003? Jibu la kwanza ni la kiuchumi. Kanda na sidii zilikuwa zikirudufiwa kiholela na kuuzwa mitaani, na msanii hakuona senti katika nakala hizo. Wengi walitegemea maonyesho. Nakuru, iliyo kwenye njia kuu ya barabara na reli kati ya Nairobi na magharibi ya nchi, na yenye Chuo Kikuu cha Egerton jirani huko Njoro, ilikuwa soko ambalo msanii hakuweza kuliruka. Kwa hiyo njia ya kwenda na kurudi ilikuwa sehemu ya kazi, na hatari zake pia. Msanii wa Kenya wa wakati huo aliishi barabarani kama utingo.

Jibu la pili ni la kiisimujamii. Nakuru ni mji wa watu wa makabila mengi: Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii na wengine, waliokutanishwa na mashamba, reli na biashara. Katika mji kama huo Kiswahili si pambo. Ndicho kinachowawezesha majirani kununuliana mboga na watoto wao kucheza pamoja. Kijana mwenye asili ya Baringo na mwenzake mwenye asili ya Nyanza waliweza kuimba wimbo uleule, neno la Kiluo likiwemo, bila yeyote kuhisi kwamba anaimba wimbo wa kabila la mwingine.

Hatudai kwamba wimbo una nguvu ya kuzuia maafa. Januari 2008, chini ya miaka mitano baada ya kifo cha E-Sir, vurugu zilizofuata uchaguzi ziliingia Nakuru na Naivasha, na watu waliokuwa wakizungumza Kiswahili kimoja waliuana. Miongoni mwa waliohusika na walioumia wamo vijana wa rika lililokua na nyimbo hizi. Lakini baada ya vurugu hizo, lugha ya kuzungumzia waliyotendeana ilibaki ileile moja. Jamii ambayo vijana wake wana lugha ya kutungia furaha yao kwa pamoja ina kitu cha kuanzia. Kuidharau lugha hiyo kwa sababu haikutoka katika vitabu vyetu ni kujikata mguu.

Hitimisho

Mengi yamebadilika tangu mwaka 2003. Katiba ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Baada yake wasanii wengi wametunga kwa Kiswahili na Sheng, na wengine wamepata utajiri ambao E-Sir hakuuona. Sisi, kwa upande wetu, tumeendelea kuandika tasnifu juu ya watunzi waliokwisha kuandikiwa tasnifu kumi.

Pendekezo letu ni dogo. Kwanza, wanafunzi wa fasihi simulizi wazinakili nyimbo za kizazi hicho kwa uangalifu, silabi kwa silabi, kwa kuwasikiliza wasanii wenyewe, kwani nyingi huandikwa vibaya na watu wasiojua Kiswahili wala Sheng. Pili, wanaosoma isimujamii wawahoji waliokuwa vijana wakati huo, hapa Nakuru na mahali pengine, wangali na kumbukumbu. Tatu, wahadhiri wasisite kuuweka ubeti wa kufoka kando ya ubeti wa Muyaka na kuuliza kipi kinafanana na kipi hakifanani. Jibu linaweza kuwa dhidi ya mfokaji. Hilo halina neno, mradi swali limeulizwa.

Issah Mmari hakuishi hadi kuona miaka 22. Mtunzi wa umri huo bado hajatuonyesha angefika wapi, na hatuna haki ya kumbunia kazi ambazo hakuzifanya. Tulicho nacho ni alichokiacha: albamu moja, nyimbo kadhaa, na ushahidi kwamba Kiswahili kilichofundishwa kwa lazima madarasani kilitoka nje, kikachanganyika na watu, kikarudi kikiwa wimbo. Msomaji atakayepita Gilgil na Naivasha safari ijayo, akausikia mmoja wa nyimbo hizo ndani ya matatu, na atege sikio la mwanafunzi wa Kiswahili. Atakuta kuna cha kujifunza.